Viatu vya Pekupeku

Ndege ile waliiita Shangazi, na sababu walikuwa nayo. Shangazi yeyote mwenye akili zake hataki makuu: anataka aamkiwe, aangaliwe usoni akiongea, na asindikizwe mpaka getini. Ukimwacha mlangoni ukakimbilia televisheni yako, habari zako utazisikia kwenye kila harusi ya ukoo mpaka uzeeke. Ndege hii nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kimoja kidogo nyuma, chini ya mkia, na uzito wake umekaa nyuma ya yale makubwa. Angani haikuwa na neno. Ila ikishagusa ardhi, mkia unataka kupita mbele ukaone kuna nini, na rubani lazima acheze na pedali mbili za miguuni, kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, mpaka ndege isimame kabisa. Ukijisahau ukasema nimeshafika, Shangazi anageuka mzimamzima kukuuliza unakimbilia wapi.

Siku alipogeuka, Fundi alikuwa mlangoni pa karakana anafuta mikono kwa kitambaa. Fundi ndilo jina alilojulikana nalo pale uwanjani, na hata mama yake nyumbani alimwita hivyo akiwa amemkasirikia. Hapakuwa na injini pale ambayo haikupita mikononi mwake. Upepo ulikuwa wa ubavuni, unatoka kushoto, na si wa mchezo. Ule mfuko wa kuonyesha upepo ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi. Fundi hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliyekuwa anatua ni baba yake.

Na baba yake alikuwa Pekupeku. Sasa huyo, jamani, alikuwa rubani. Sisemi mtu aliyesomea urubani, maana hao wapo wengi. Nusu ya marubani wa pale walipita mikononi mwake, akiwemo Meneja mwenyewe mwenye kampuni, na wote aliwavua viatu. "Macho yanachelewa," aliwaambia. "Ukiona ndege inageuka, ujue imeshageuka. Nyayo ndizo zinazojua kwanza." Yeye mwenyewe aliacha ndala zake mlangoni pa karakana, akatembea pekupeku mpaka kwenye ndege, akaruka, akarudi, na ndala zikawa bado zinamsubiri pale pale. Kanuni yake ya pili aliwaimbia wanafunzi mpaka wakaichoka: ndege ya mkia haijatua mpaka imefungwa kamba.

Kitu ambacho wanafunzi hawakukijua ni kwamba nyayo hizo zilikuwa na mtekenyo wa kufa mtu. Fundi alipokuwa mdogo, baba yake akilala kwenye kochi siku ya Jumapili baada ya kula, alimnyatia na kidole kimoja. Wala hakuhitaji kugusa. Akikisogeza tu kile kidole, baba anaruka, anacheka mpaka machozi yanamtoka, anaomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, na Mama anafoka kutoka jikoni kwamba siku moja watavunja kochi. Na kweli walilivunja.

Basi Shangazi akaja. Bawa la kushoto limeinamishwa kidogo upande wa upepo, kama inavyotakiwa. Gurudumu la kushoto likagusa, la kulia likafuata, mkia ukashuka taratibu. Ungeweza kuwaita wanafunzi waje watazame. Fundi akageuka nusu arudi ndani, halafu kitu kikamwambia subiri kwanza. Pua ya ndege ilikuwa imeanza kwenda kushoto, kule upepo unakotoka. Hilo nalo ni la kawaida, upepo ukiusukuma mkia, pua lazima iufuate upepo. Hapo rubani anakanyaga kulia, pap, mambo yameisha. Fundi akasubiri pua irudi. Hata mguu wake mwenyewe wa kulia, pale aliposimama, ulikanyaga sakafu. Pua haikurudi. Ikazidi, ikazidi, mkia ukapata nafasi uliyokuwa ukiitafuta miaka yote, ukapita mbele kwa nguvu, bawa la kulia likalala na kuparuza ardhi, vumbi likapanda, injini ikazimika. Vumbi lilipotulia, Shangazi alikuwa amesimama anatazama alikotoka.

Fundi alikimbia. Hakumbuki kitambaa alikitupa wapi.

"Baba! Baba, umeumia?"

Mzee alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mkono kwenye usukani, kama mtu aliyeulizwa swali akakosa jibu. "Sijaumia," akasema. Kisha akamtazama binti yake. "Nilikanyaga kulia, mwanangu. Nilikanyaga mpaka mwisho. Hakunisikia."

Na hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomsumbua Fundi. Alimjua baba yake vizuri: akidanganya hujikuna sikio, na Mama alishamkamata hivyo mara nyingi mno kwa mambo madogo madogo ya soda na keki. Siku ile mkono haukwenda sikioni.

Sasa, pedali za ndege ile huunganishwa na kigurudumu cha mkia kwa kebo na springi mbili, ili mguu ukisema kulia, mkia nao useme kulia. Springi hizo zilikuwa mpya. Zilifungwa wiki ile ile, na aliyezifunga ni Fundi.

Meneja alimwita ofisini mchana huo. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo shida ya watu wema: wanakuchinja huku wanakupa pole.

"Dada, kaa kwanza. Mimi sikulaumu," akaanza. "Ila mkaguzi anakuja Jumatatu na lazima aulize. Mwalimu anasema alikanyaga. Na Mwalimu akisema alikanyaga, mimi na wewe tunajua alikanyaga. Sasa kama mguu ulikanyaga na ndege haikuitika, hapo katikati kuna nini?"

"Kuna springi zangu," akasema Fundi.

"Mimi sijasema hivyo."

"Lakini ndizo zilizopo katikati."

Meneja akaangalia meza. "Kama kuna kitu ulisahau, dada, sema mapema. Binadamu tunasahau. Mkaguzi akikikuta mwenyewe atakunyang'anya leseni ya ufundi, na hapo mimi sitakuwa na mdomo."

Ile leseni, msikilizaji, ndiyo iliyokuwa ugali wake na usingizi wake. Fundi alikuwa ameipata kwa jasho, kwenye chumba cha mtihani kilichojaa wanaume waliomuuliza kama amekuja kuleta chai. Bila hiyo angebaki mtu wa kuosha ndege. Na ungedhani angegombana, maana mdomo alikuwa nao, wa mama yake. Lakini agombane na nani? Kumwambia Meneja kwamba springi ni nzima ni kumwambia kwamba Pekupeku hakukanyaga. Nani angemshuku Pekupeku? Yeye mwenyewe Fundi hakuweza kumshuku.

Nyumbani jioni walikula pamoja. Baba alikunywa chai yake isiyo na sukari. Miaka mingi sasa daktari alikuwa amemwambia ana ugonjwa wa sukari, naye akauchukua kwa mzaha wake: "Nimekuwa mtamu mno, nipunguzwe." Alipokwenda kulala, Mama akamsogelea Fundi.

"Baba yako anasema hakulaumu."

"Mama, mtu akikwambia hakulaumu, ameshakulaumu. Ila kwa adabu."

"Basi ungetaka afanyeje? Aseme hakukanyaga?"

Fundi akainuka. Akaosha vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi alifungua mkia wote. Akazitoa springi, akazipima, akazivuta, akaziangalia juani kama mtu anayetafuta ufa kwenye yai. Nzima. Akaangalia minyororo midogo inayozishika, nzima. Boliti, nzima, na kila moja na pini yake. Unajua, ukitafuta kosa lako mahali ambapo halipo, mwisho wake unaanza kulitengeneza mwenyewe. Kufika saa za mchana alikuwa ameshaanza kujiuliza kama kweli siku ile alikaza vile anavyokumbuka, au anakumbuka kukaza kwa ndege nyingine. Kilichobaki kilikuwa ni kebo, zinazotoka kwenye pedali mpaka mkiani. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye kiti anakanyaga, mwingine anaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi anaangalia kebo ikitembea.

"Nitakukanyagia mimi," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Baba. Ameshavua ndala.

"Shikamoo, Baba. Vaa ndala, nimekata bati hapa, sakafu imejaa vyuma."

"Marahaba. Nyayo hizi zimetembea hapa kabla wewe hujazaliwa," akasema, akaja vile vile, akapanda kwenye kiti cha mbele. Fundi akalala kifudifudi, nusu mwili nje ya mlango wa ndege, kichwa ndani chini kabisa, tochi mkononi. Harufu ya mafuta na ya kitambaa cha zamani ikamjaa puani. Hawakuwa wameongea maneno mengi kama hayo tangu siku ile, na alikuwa na furaha kidogo, si uongo.

"Kanyaga kushoto."

Pedali ya kushoto ikaenda, kebo ikateleza vizuri kabisa kwenye kapi yake.

"Rudisha. Sasa kulia."

Kimya.

"Baba, kulia."

"Nimekanyaga."

Kebo ya kulia haikusogea hata unywele. Moyo wa Fundi ukaruka kwa furaha, na naomba msimhukumu kwa hilo. Baba amekanyaga, kebo haijasogea: ugonjwa umepatikana! Kebo imenasa mahali. Ni kosa ambalo fundi yeyote angeweza kupitwa nalo, si springi, si uzembe, na baba yake alisema kweli na yeye pia amesema kweli. "Mpaka mwisho, Baba?" akauliza huku anageuza tochi aione pedali.

"Mpaka mwisho. Umeona mwenyewe sasa? Hakuna kitu! Si niliwaambia?" Sauti ya mzee ilikuwa na nafuu ambayo Fundi hakuisikia tangu ajali.

Mwanga wa tochi ukafika kwenye pedali. Pedali ilikuwa imekaa peke yake, haijaguswa na mtu. Pembeni yake, kwenye bomba la fremu ya ndege, bomba lisilokwenda popote, ulikuwepo mguu wa kulia wa baba yake. Ulikuwa unakanyaga lile bomba kwa nguvu zote, mishipa imesimama, vidole vimekuwa vyeupe.

Fundi akabaki ameutazama. Akaona kitu kingine. Kwenye unyayo, karibu na kisigino, kilikuwa kimezama kipande cha bati, chembamba, kimejikunja, na damu imeanza kushuka. Amekikanyaga sasa hivi akija. Akatoa koleo mfukoni, akakishika kile kipande, akakivuta. Kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani. Mguu haukushtuka. Na kule juu Baba alikuwa anaendelea kuzungumza, kwamba kebo za siku hizi si kama za zamani, kwamba viwanda vimeharibika, kwamba atamwambia Meneja yeye mwenyewe kuwa binti yake hana kosa.

Lo, ndugu zangu. Kuna kilio cha sauti na kuna kile kinachobaki ndani ya kichwa chini ya dashibodi.

"Kebo imekatika?" Baba akauliza. Aliuliza kwa matumaini.

"Kebo ni nzima, Baba."

"Springi je?"

"Nzima." Akajivuta nje, akasimama, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Kanyaga tena kulia."

"Nimekanyaga, nakwambia."

"Sawa. Usiutoe mguu. Sasa inama uangalie."

Mzee akainama. Fundi alitamani asingemwambia. Pekupeku aliutazama mguu wake muda mrefu, kama unavyomtazama mtu uliyemwachia nyumba ukarudi ukakuta ameiuza. Kisha akautoa polepole kwenye lile bomba, akatafuta kwa macho mahali pedali ilipo, akauweka juu yake. Kebo ikatembea.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Ganzi ilianza zamani kidogo. Nikasema ni baridi ya sakafu." Akaupapasa ule mguu. "Baadaye ikapanda. Lakini nilikuwa nakanyaga, mwanangu. Wallahi nilikuwa nadhani nakanyaga."

"Najua, Baba."

"Mama yako hajui."

"Mficha maradhi, Baba..."

"Usinimalizie methali, mimi ndiye niliyekufundisha." Akashuka kwenye ndege, akasimama ameshika bawa, na hapo likatoka lile ambalo hakupenda kulisema na hakuweza kulizuia. "Jumatatu waambie ni springi."

Fundi alidhani amesikia vibaya.

"Waambie hukuzikaza vizuri, bahati mbaya. Wewe bado kijana, watakupa onyo, watakunyang'anya leseni kidogo kisha utairudia. Mimi nikitolewa, ndiyo basi. Mimi nje ya ndege ni nani? Mzee wa kukaa barazani ananung'unikia bei ya sukari asiyoruhusiwa kula? Nitakuwa mwangalifu. Nitakuwa naangalia mguu."

"Utaangalia mguu, na njia ataiangalia nani?"

"Naomba, mwanangu."

Hakuwahi kumwomba kitu maishani. Na nitawaambia ukweli: Fundi alikaribia kukubali. Ulimi ulishafika kwenye meno. Mtu aliyekubeba mgongoni akikuomba umbebe mara moja tu, utamwambia huna nafasi? Lakini kile kipande cha bati kilikuwa bado mkononi mwake, kinamchoma.

"Nikisema springi, Baba, wiki ijayo utaruka. Kuruka hakuna shida, Shangazi anaruka na yeyote. Halafu upepo utatoka ubavuni na itabidi utue." Sauti ikamkatika, akairudisha kwa hasira. "Wewe si ndiye uliyesema ndege haijatua mpaka imefungwa kamba? Basi wewe bado uko juu, Baba. Bado uko juu, na unaniambia mimi niondoe kamba!"

Mzee akaliachia bawa. Akatoka. Alipita mlangoni akaziacha ndala zake pale pale, na kwenye sakafu, hatua baada ya hatua, ikabaki alama ya damu upande wa kulia tu.

Jumapili hawakuongea. Mama aliufunga mguu kwa kitambaa, akatazama huyu, akatazama yule, akasema, "Nyumba hii ina mtu mmoja na mabubu wawili," akaenda kulala mapema.

Jumatatu Mkaguzi akaja. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani na kikohozi cha vumbi, si mtu wa kuinua sauti. Akaukagua mkia mwenyewe kwa saa nzima, kisha wakaingia ofisini: yeye, Meneja na Fundi.

"Springi nimeziona," akasema. "Kebo nimeziona. Sijaona kosa. Lakini kuna kosa nisilolijua, maana rubani anasema alikanyaga, na huyu si rubani wa kubabaisha. Fundi, kazi ni yako. Unasemaje?"

Meneja akamtazama kwa huruma, huruma ile ya kumsukuma mtu shimoni. Fundi akafungua mdomo. "Inawezekana..." akaanza, na mpaka leo hajui sentensi ile ingeishia wapi.

Kwa sababu kule nje, kwenye korido ya saruji, kulisikika hatua za viatu. Ko. Ko. Ko. Nzito, za mtu anayepima kila moja. Wote wakageuka kuangalia mlango, wakimtarajia mgeni, maana pale hapakuwa na mtu mwenye hatua za namna ile. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Pekupeku, amevaa viatu.

Vilikuwa vile vyeusi vya ngozi alivyovinunua kwa ajili ya harusi moja ya ukoo na kuvivua kabla keki haijakatwa. Meneja akasimama bila kujua. Katika miaka yote ya kumjua mwalimu wake hakuwahi kumsikia akija.

"Springi ni nzima," mzee akasema. Hakuketi. "Kebo ni nzima. Binti yangu hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyesema nilikanyaga, na nilipolisema niliamini. Mguu wangu wa kulia haujui tena ulipo."

Kisha Meneja akatabasamu kwa masikitiko, akamshika bega. "Mwalimu, jamani. Kila mzazi angefanya hivyo. Lakini huwezi kumkingia mtoto kifua kwa jambo la usalama. Mguu wako? Mimi ulinifundisha kwa mguu huo!"

"Unadhani namkingia."

"Damu nzito kuliko maji, Mwalimu. Hata mimi ningefanya."

Ona mambo ya dunia: mtu amekuja kuvua heshima yake yote mbele ya watu, na watu wanakataa kuipokea. Pekupeku akatazama huku na huku, akavuta kiti, akakaa. Akahangaika na kamba za kiatu cha kulia, akakivua, akafungua kile kitambaa cha Mama, akaweka mguu mtupu juu ya kiti kingine katikati ya ofisi. Kidonda cha bati kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu. Mkaguzi akavua miwani.

"Njoo, mwanangu," Pekupeku akasema. "Njoo na kile kidole chako."

Fundi hakusogea.

"Njoo. Mimi nitafumba macho, nisije nikaonekana najizuia. Huyu anajua kunitekenya kuliko mtu yeyote," akawaambia wale wawili. "Alinivunjia kochi. Nikicheka, basi mimi ni mwongo na mguu ni mzima, na mnipe ndege yangu. Nisipocheka, mtaandika mnachotakiwa kuandika." Akafumba macho. Mikono yake ikashika pande mbili za kiti kama mtu anayesubiri sindano, na pembe za mdomo tayari zilikuwa zimeanza kucheka, kwa mazoea, kama zamani.

Fundi akapiga magoti. Akaweka kidole chini ya vidole vya mguu, pale palipokuwa pabaya zaidi, akakishusha polepole mpaka karibu na kisigino. Akakipandisha. Akatekenya kwa vidole vyote vitano, kwa nguvu, akiomba kimoyomoyo kwamba kochi livunjike, ofisi ivunjike, baba yake awe mwongo. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya ule mguu nao ulikuwa hauna habari. Meneja alikuwa amegeukia dirishani.

Mzee bado alikuwa amefumba macho, bado anasubiri, na kile kicheko kidogo bado kiko pembeni mwa mdomo.

"Haya," akasema. "Anza basi."

"Nimeshaanza, Baba."

Hakufumbua macho mara moja. Kile kicheko kilimtoweka mdomoni kidogo kidogo. Alipofumbua, alimwona binti yake ameinama, na vidole vyake vitano juu ya unyayo wake, akavitazama kama vya mtu aliye mbali sana ng'ambo ya kioo.

"Aa," akasema. "Basi."

Mkaguzi hakuandika kitu kwa wakati huo. Meneja akageuka kutoka dirishani, macho mekundu, akamsogelea Fundi. "Dada, nisamehe," akasema. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Akaufunga ule mguu kwa kitambaa upya, taratibu. Akachukua kiatu cheusi, akakivisha, akavuta kamba zake.

"Zimekaza, Baba?"

"Sijui, mwanangu," mzee akasema. "Kaza unavyoona wewe."

Fundi akaingiza kidole chake kati ya kiatu na mguu, akapima. Akalegeza kidogo, akapima tena, akafunga fundo, na juu yake fundo la pili, kama wanavyomfunga Shangazi upepo ukiwa mkali.

"Basi nimetua," Pekupeku akasema.

Fundi akabaki amepiga magoti pale pale, mkono juu ya kiatu, na baba yake akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Fundi. Mkaguzi akakusanya vitu vyake, akamvuta Meneja mkono wa shati, wakatoka nje wakafunga mlango polepole.